Uzi: Kampala 42 (marathoni ya Kampala, kilomita 42) – mbona wengi huzimika baada ya kilomita ya 30? Tuweke mpango wa siku ya mbio hapa

#1 Kilima_Saba
Wakuu, salaam. Novemba inakaribia na swali linarudi palepale. Mtu amefanya mazoezi sawasawa, mbio ndefu za Jumapili anazimaliza akiongea, kasi yake ya dakika 5:20 kwa kilomita inampa 3:45. Siku yenyewe anaingia Kololo, uwanja wa kuanzia na kumalizia, na 4:30, kilomita kumi za mwisho katembea nusu. Miguu ni ileile na vilima ni vilevile alivyozoea, kwa hiyo mimi mazoezi siyalaumu.

Dai langu ni hili: mbio ya Kampala huharibika kati ya saa 3 usiku wa Jumamosi na saa 12 asubuhi ya Jumapili. Ukichelewa dakika 20 tu, unaruka choo, mkoba unaukabidhi kwa haraka, unajikuta nyuma ya kundi la kilomita 10, halafu kilomita tatu za mwanzo unazimaliza ukipenyapenya katikati ya watu. Nguvu iliyotumika hapo hairudi.

Ratiba ninayoitetea, bunduki (ishara ya kuanza) ikiwa saa 12:00 kamili: amka 8:45 usiku, kula 9:00, toka nyumbani 10:00, uwe ndani ya geti 10:45, choo hapohapo kabla foleni haijakua, mkoba 11:15, kupasha mwili 11:30, mstarini 11:45. Mwenye pingamizi aseme.

#2 Bugolobi_Mwendo
Ninalo. Saa 10:45 ni mapema mno. Unasimama kwenye nyasi zenye umande zaidi ya saa nzima, miguu inachoka, unapata baridi, na chakula cha saa 9:00 kinaanza kuisha. Ukifika 11:20 inatosha kabisa kama namba ulishaichukua wiki hiyo na mkoba huna.

#3 Afande_Mstaafu
Bugolobi, 11:20 inatosha kwa anayelala Kololo. Wewe unatoka Bugolobi, njia yako inapita Jinja Road au Lugogo Bypass. Barabara za kuzunguka uwanja hufungwa kabla hakujapambazuka, na boda anakushusha kwenye kizuizi, hakufikishi getini. Weka kilomita moja na nusu hadi mbili za kutembea, yaani dakika 20 hadi 25. Kisha ukaguzi wa usalama: watu wengi na mageti machache. Kila aliyebeba mkoba uliojaa vitu anasimamisha mstari wa nyuma yake wote.

Usafiri nauona hivi. Boda wa kukutana naye barabarani saa 10 alfajiri ya Jumapili usimtegemee, wengi wametoka kazini usiku na wanakwenda kulala. Panga Jumamosi jioni na boda wa stage yako unayemjua, bei mkubaliane, na uwe na namba ya wa pili. Bei za kwenye programu za simu hupanda alfajiri hiyo kwa sababu wote mnaita kwa wakati mmoja.

Mwenye gari: usiegeshe ndani ya mzunguko wa mbio. Ukiegesha Kamwokya au Kololo yenyewe, unaweza kumaliza saa 4 ukakaa mpaka barabara zifunguliwe mchana. Egesha nje, upande ambao mbio haipiti, Naguru au Ntinda kwa mfano kama ramani ya mwaka huo inaruhusu, na utembee. Wanaotembea gizani watembee wawili wawili, kwenye barabara yenye taa. Simu ndani, si mkononi.

#4 Mwanafunzi_Makerere
Afande anapanga mbio kama operesheni 😀 lakini nakubaliana naye.

#5 Sabei_42
Mnazungumzia foleni wakati jibu liko kwenye lami. Kololo ni kilima. Njia nyingi zinazotoka pale zinaanza kwa kushuka, na hapo mwanzo nyote mna nguvu mpya, mmekaa wiki mbili mkipumzika. Mtu wa 5:20 anashuka kwa 4:45 na anasema "nimeweka akiba". Hakuna akiba yoyote hapo.

Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya kubana huku ikivutwa kurefuka, ndiyo inayokuzuia usianguke. Kazi hiyo ndiyo inayopasua nyuzi za misuli kuliko kupanda. Pumzi haikuambii kitu, moyo haukuambii kitu, maumivu yanakuja saa mbili baadaye. Ndipo kilomita ya 32 paja linakataa. Halijaishiwa chakula, limeumia.

Dawa: kilomita 10 za kwanza, kwenye mteremko usizidi kasi ya mpango wako kwa zaidi ya sekunde 10 kwa kilomita. Hatua fupi, za harakaharaka, mguu ushuke chini ya kiuno usitangulie mbele. Kwenye mlima ongeza sekunde 30 hadi 40 bila aibu, fuata pumzi, usiangalie saa. Na miezi miwili kabla, mara moja kwa wiki, fanya mazoezi ya kushuka. Watu wa Kampala wanajivunia kupanda vilima, kushuka hawafanyii mazoezi kamwe.

#6 NesiZamuYaUsiku
Sabei ana hoja, lakini jua mmelisahau. Novemba jua la Kampala huchomoza kama saa 12:30. Alfajiri ni nyuzi 17 au 18 na unyevu hewani ni mwingi, jasho halikauki vizuri. Saa 4 asubuhi joto limeshapanda na jua liko juu ya kichwa. Marathoni hukimbiwa vyema kwenye nyuzi 10 hadi 12, hali ambayo Kampala hatuna hata alfajiri. Mtu wa 3:45 anakimbia saa moja tu kwenye jua kali. Mtu wa 4:30 na zaidi ndiye anayelipata lote, na kila akipunguza mwendo ndivyo anavyozidi kukaa juani. Kuzimika kunajilisha kwenyewe.

Kofia nyepesi, maji kichwani na shingoni kila meza, na kasi ya mpango uipunguze sekunde 5 hadi 10 kwa kilomita tangu mwanzo kama asubuhi imeamka bila mawingu.

#7 Kilima_Saba
Nesi, hapo nakupinga kidogo: anayezimika huzimika kwenye kilomita ya 30, na kwa kasi ya 5:20 hiyo ni saa 2:40 asubuhi. Jua bado halijawa kali.

#8 NesiZamuYaUsiku
Kweli kwa yule wa 3:45. Joto la mwili lakini halingoji jua, linapanda tangu kilomita ya kwanza, na unyevu unalizuia lisishuke. Tuliweke kama sababu mojawapo.

#9 MamaKatogo_Kamwokya
Habari zenu wanangu. Hakuna aliyetaja sahani. Siku mbili za mwisho ndizo zinazojaza misuli wanga, si chakula cha Jumamosi usiku pekee. Kipimo ni gramu 8 hadi 10 za wanga kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 65 anahitaji kama gramu 600. Unga wa mahindi gramu 100 una wanga wa kama 75, mchele mkavu gramu 100 una kama 80. Kwa hiyo posho (ugali) ya mchana, wali jioni, mkate na chai ya sukari, juisi, bogoya (ndizi mbivu) katikati. Matooke ni mazuri lakini yamejaa maji, utashiba kabla hujafika. Uzito utapanda kilo moja au mbili, msiogope: kila gramu ya wanga inayohifadhiwa misulini inashika kama gramu tatu za maji.

Jumamosi jioni mle saa 1, si saa 4 usiku. Maharage hapana. Mchuzi wa karanga hapana, dodo na mboga nyingine za majani hapana, rolex (chapati ya mayai) yenye mafuta hapana. Vyote ni vyakula vyema, ila vinakaa tumboni na vitataka kutoka kilomita ya 15.

Saa 9 usiku: vipande vinne vya mkate (wanga gramu 60 hivi), kijiko kikubwa cha asali au jamu (17), bogoya moja (kama 27), chai yenye vijiko viwili vikubwa vya sukari (25). Jumla ni kama 130, gramu mbili kwa kila kilo kwa yule wa kilo 65. Maziwa yaache.

#10 Bugolobi_Mwendo
Mama Katogo, asante. Na kahawa?

#11 MamaKatogo_Kamwokya
Kikombe kimoja, kama umezoea. Kahawa inasaidia kweli, na pia inamaliza suala la choo kabla hujatoka nyumbani. Ila mjue mnakunywa ipi. Robusta yetu ya huku Buganda ina kafeini karibu mara mbili ya Arabika ya mlima Elgon. Aliyezoea Arabika akimiminiwa Robusta kali usiku huo, tumbo na moyo vitamsumbua mpaka Wandegeya.

#12 Mgeni_toka_Mombasa
Salamu kutoka Pwani. Nakuja mwaka huu kwa basi, mara yangu ya kwanza Kampala. Maswali matatu: nifike siku gani, mwinuko wa Kampala utaniathiri, na mwenzangu atanipataje mwishoni?

#13 Afande_Mstaafu
Karibu sana ndugu. Nairobi hadi Kampala peke yake basi linachukua kama saa 12, na wewe umetoka Mombasa kabla ya hapo. Fika Alhamisi au Ijumaa asubuhi, usifike Jumamosi. Miguu huvimba kwa kukaa, shuka kila basi linaposimama, vaa soksi za kubana. Busia au Malaba utavuka kwa kitambulisho cha taifa, na beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Viatu vya mbio na namba viwe kwenye mkoba wa mkononi, visiende chini ya basi.

Kuhusu kupatana: mtandao wa simu huzidiwa pale uwanjani watu wakishakuwa wengi. Kubalianeni mahali na saa kabla, mahali pasipohama. "Karibu na jukwaa" si mahali, maana watu elfu wanaambiana hivyohivyo. Chagueni geti kwa jina lake, Wampewo Avenue au Upper Kololo Terrace, na upande wa kulia au wa kushoto. Na akupe dakika 30 za ziada baada ya muda uliokadiria.

#14 Sabei_42
Mwinuko: Kampala ni kama mita 1,200. Ukitoka usawa wa bahari utausikia kidogo kwenye milima, asilimia chache tu. Siku tatu hazikuzoeshi, kwa hiyo anza taratibu zaidi basi. Teryet kule Kapchorwa ndiko mwinuko unakotafuna mtu.

#15 Mgeni_toka_Mombasa
Shukrani. Kumbe hofu yangu iwe vilima, si hewa.

#16 Sabei_42
Miteremko. Nasema tena, miteremko.

#17 Fundi_Chipu
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyegusa namba ya kifuani, na kila mwaka kuna watu wanaolia kwamba matokeo yao hayaonekani. Nieleze.

Chipu nyingi za kupima muda siku hizi ni kibandiko chembamba nyuma ya namba, hakina betri. Zulia la mstarini au antena ya pembeni inarusha mawimbi ya redio, chipu inayapokea na kujibu. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji yanameza mawimbi hayo. Ndiyo maana kibandiko kimeinuliwa kwa kipande cha sponji, kiwe mbali kidogo na ngozi. Usiking'oe hicho kipande ukidhani ni uchafu.

Yanayoharibu usomaji: kukunja namba ili iwe ndogo, kutoboa chipu kwa pini, kuiweka mgongoni au kwenye paja, kuvaa mkanda wa chupa juu yake, na simu kukaa nyuma yake. Pini nne, moja kila kona, kifuani au juu ya kitovu, mbele. Ivalishwe kwenye fulana Jumamosi mchana, ukiwa umevaa hiyo fulana, maana ukiibandika mezani itakuja kukunjika ukiivaa. Ukivaa koti jepesi juu, lifungue unapokanyaga zulia.

Nyuma ya namba andika jina, namba ya ndugu, ugonjwa ulionao na dawa unazotumia. Peni ya wino usiolowa. Na usimpe mtu mwingine namba yako hata kama umeumwa, akianguka watu wa tiba watamtibu kwa taarifa zako na watampigia ndugu yako.

Jambo la mwisho: kuna muda wa bunduki na muda wa chipu. Zawadi na rekodi huangalia bunduki. Muda wa chipu ni wako binafsi, unaanza unapokanyaga zulia. Kwa hiyo anayesema #1 kwamba ukichelewa umekwisha, kwa mkimbiaji wa kawaida si kweli. Dakika nne za kusubiri nyuma hazihesabiwi kwenye chipu.

#18 Kilima_Saba
Fundi, dakika hazihesabiwi lakini msongamano unahesabiwa. Ukiwa nyuma ya wanaotembea kilomita 5, unapenya kulia na kushoto, unapanda ukingo wa barabara, unasimama ghafla na kuanza upya. Huo ndio ulaji wa nguvu ninaousema.

#19 Fundi_Chipu
Hapo tuko pamoja. Na kila mita ya kupenyapenya ni mita ya ziada.

#20 Ntinda_Polepole
Kuhusu mita za ziada: njia ya Kampala ni ndefu kuliko 42.195. Saa za watu kibao zinasoma 42.7, nyingine 42.9. Hapo ndipo dakika nne zinapopotelea, tuache kulaumu maharage ya Mama.

#21 Fundi_Chipu
Hapana ndugu, saa yako haipimi njia, inakadiria ulikopita wewe. Njia rasmi ya marathoni hupimwa kwa baiskeli yenye kaunta ya Jones (kifaa cha kuhesabu mizunguko) kwenye gurudumu la mbele. Mpimaji anafuata mstari mfupi kuliko yote unaoweza kukimbiwa, sentimita 30 kutoka ukingo kwenye kona. Kisha inaongezwa elfu moja ya urefu, kama mita 42, ili njia isije ikaonekana fupi ikipimwa tena. Hizo 42 za kwanza ziko halali.

Zinazobaki ni zako: kukimbia upande wa nje wa kona, kwenda kuchukua maji upande wa pili wa barabara, na makosa ya setilaiti chini ya miti na kando ya majengo. Kwa kasi ya 5:20, mita 400 za ziada ni dakika 2 na sekunde 8. Kwa hiyo weka mpango wako kwa 42.5, yaani usiiamini kasi ya wastani inayoonyeshwa na saa. Bonyeza saa mwenyewe kwenye kila kibao cha kilomita 5.

Na kona: tazama kona inayofuata, kimbia mstari ulionyooka kuielekea, usifuate ukingo wa barabara. Ila ndani ya koni tu. Anayekata kona kwa kupanda njia ya waenda kwa miguu amejitoa mwenyewe.

#22 Mwanafunzi_Makerere
Hata wakubwa hupotea. Victor Kiplangat, Birmingham 2022, mbio za Jumuiya ya Madola, alikuwa anaongoza akaingia njia isiyo yake karibu na mwisho. Akaelekezwa, akarudi, akashinda. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia Budapest.

#23 Bugolobi_Mwendo
Yeye alikuwa amewaacha mbali, angeweza kupoteza muda kidogo. Sisi tuisome ramani Jumamosi. Na kwa wenye kusahau muda uliopita: bunduki ikilia saa 12:00, saa yoyote ya ukutani ukiisoma Kiswahili inakuambia muda wako. Saa 2 na nusu ni mbili na nusu.

#24 Ntinda_Polepole
Hiyo naichukua. Mama samahani kwa maharage.

#25 MamaKatogo_Kamwokya
Umesamehewa, na Jumapili jioni baada ya mbio njoo uyale.

#26 Kikombe_Cha_Maji
Kuna kosa moja kubwa linalofanyika kwenye meza za maji. Wote mnakwenda meza ya kwanza. Meza zimepangwa kwa mstari mrefu. Ya kwanza ina msongamano, maji yamemwagika chini, lami inateleza. Pita, chukua kutoka meza ya mwisho. Mtazame machoni anayekupa, mwonyeshe kidole. Ukipewa kikombe kibane juu mpaka kitoke mdomo mdogo, unywe kwa kona ya mdomo huku unatembea hatua kumi. Ukipewa chupa ya nusu lita, kunywa robo ya chupa, mwagia kichwani robo nyingine, inayobaki shika. Kifuniko tupa pembeni kabisa, kifuniko cha chupa barabarani kinazungusha kifundo cha mguu cha anayekuja nyuma.

Kiasi: mililita 400 hadi 800 kwa saa, kutegemea mwili na hali ya hewa. Pima mazoezini: jipime uzito kabla na baada ya saa moja ya kukimbia, kila kilo iliyopungua ni lita moja ya jasho. Huhitaji kurudisha yote, ukipungua hadi asilimia 2 ya uzito bado uko salama.

Wanga njiani: jeli (wanga mzito wa kwenye kifuko) yenye gramu 25 za wanga, kila dakika 25. Kwa 3:45 ni jeli nane, karibu gramu 53 kwa saa. Ambaye jeli zimemshinda bei: asali kwenye vifuko vidogo, kijiko kikubwa kimoja kina kama 17, tende ndogo tano zina kama 25 hadi 30, au glukosi ya unga gramu 40 kwa nusu lita. Kula na maji, kabla ya kusikia njaa. Ukiisikia njaa kilomita ya 28 umechelewa, kinachoingia sasa kitafanya kazi baada ya dakika kadhaa na wewe mlima uko mbele yako sasa hivi. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu ya kuzimika: mwili unahifadhi wanga wa kutosha kilomita 30 hivi, basi. Kilomita ya 30 haikutokea kwa bahati.

#27 Sabei_42
Kikombe, mbona basi waliokula jeli nane wanazimika vilevile?

#28 Kikombe_Cha_Maji
Kwa sababu walianza kwa kasi ya 4:45 kama ulivyosema. Mwendo ukizidi, mwili unachoma wanga haraka zaidi kuliko tumbo linavyoweza kupitisha. Hoja yako na yangu zinakutana.

#29 Sabei_42
Zinakutana lakini misuli iliyopasuka haitibiwi na asali.

#30 NesiZamuYaUsiku
Niongeze kwenye maji, maana hapa watu huumia. Kunywa kupita kiasi ni hatari kama kutokunywa. Marathoni ya Boston 2002, wakimbiaji 488 walitoa sampuli ya damu mwishoni, na asilimia 13 sodiamu yao (chumvi ya kwenye damu) ilikuwa imeshuka chini ya kawaida. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito wakati wa mbio na waliochukua zaidi ya saa nne. Yaani wale wa polepole wanaosimama kila meza na kunywa chupa nzima. Dalili: kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba pete ikabana, kuchanganyikiwa. Mtu huyo msimpe maji matupu zaidi. Mpelekeni hema la tiba.

Aliyeanguka akiwa na ngozi ya moto na anaropoka ni jambo jingine, huyo mwili umepita nyuzi 40. Poozeni kwanza: barafu na maji mengi mwili mzima palepale, ndipo asafirishwe.

Na anayezirai mita tano baada ya mstari mara nyingi ni kwa kusimama ghafla, damu inabaki miguuni. Mlaze, inua miguu. Ili isikupate, endelea kutembea dakika kumi baada ya zulia, hata kama medali inakungoja.

Chumvi: pakiti moja ya ORS ya duka la dawa kwa lita moja, au nyumbani lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Inafaa Jumamosi jioni na baada ya mbio.

Nimesahau: Diclofenac na Ibuprofen asubuhi ya mbio hapana. Figo tayari zimepungukiwa damu unapokimbia juani, dawa hizo zinazidi kuzibana. Na zinakuficha maumivu yanayokuambia simama.

#31 Mgeni_toka_Mombasa
Nesi, asante sana. Na mvua je? Naambiwa Novemba huko hainyeshi kwa adabu.

#32 Afande_Mstaafu
Ni msimu wa pili wa mvua, inaweza kunyesha alfajiri. Kaveera (mfuko wa plastiki) kubwa jeusi la taka, toboa tundu la kichwa na mawili ya mikono, livae juu ya fulana mpaka dakika tano kabla ya bunduki, kisha litie kwenye pipa, si barabarani. Hilo pia linajibu baridi ya Bugolobi pale #2. Viatu vya kusubiria viwe kandambili, vya mbio uvivae mwishoni ili soksi zisilowe umande.

Mafuta ya mgando: mapajani, kwapani, na katikati ya vidole vya miguu. Wanaume plasta kwenye chuchu, mvua na fulana vikisuguana saa nne damu inatoka. Fulana ya mbio mliyopewa kwenye pakiti msiivae kwa mara ya kwanza siku hiyo bila kuifua na kuikimbilia walau kilomita 10.

#33 Mwanafunzi_Makerere
Lakini Afande, bahari yote ya watu ina rangi moja, wewe peke yako na fulana ya zamani?

#34 Afande_Mstaafu
Ifue basi, uikimbilie wiki hiyo. Rangi haitatoka.

#35 Bugolobi_Mwendo
Nirudi kwenye saa ya kufika. Choo nakubali kinabadilisha hesabu. Kila mtu akichukua dakika moja na nusu, na mbele yako wako hamsini, ni dakika 75 kwa choo kimoja. Saa 10:45 mbele yako wako watano. Saa 11:30 wako hamsini. Nasogeza ratiba yangu mpaka 11:00, si zaidi. Na karatasi ya chooni beba mwenyewe, ndani ya kaveera.

#36 Kilima_Saba
Umesogea dakika 20, nashukuru. Mkoba bado nauweka 11:15: sweta, kandambili, ORS, nguo kavu, noti ya 20,000 ndani ya plastiki kwa sababu ya mtandao wa pesa kuzidiwa. Kipande cha namba kinachokatwa kifungwe kwenye mpini wa mkoba, si kwenye zipu.

Bado sijashawishika kwamba ni miteremko peke yake, wala jeli peke yake. Msongamano wa mwanzo hakuna aliyeujibu.

#37 Sabei_42
Ramani ya mwaka huu ikitoka mtu aiweke hapa. Tuhesabu mita za kushuka ndani ya kilomita 10 za kwanza, halafu tuongee.

#38 Fundi_Chipu
Nitaiweka na mwinuko wa kila kilomita. Kilima_Saba, nitakuwekea na upana wa barabara pale kundi la 10 na la 42 yanapoachana.